Kokoto za Songwa Zilizokataa Kusimama

Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu ya Kalangalala, Mchungaji wetu, Mwalimu Theonest, uliyemfundisha Limi hesabu tangu akivua viatu ili ahesabie vidole vya miguu, mama mkwe wangu Mayu Asteria, uliyetoka Songwa na basi la alfajiri, jirani yangu Mama Nikhil, ndugu wageni waalikwa: wakubwa wangu shikamooni, na wengine wote habari za mchana.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu nikisimama mbele za watu maneno hunikimbia. Niliishia darasa la nne. Nikikosea, Mwalimu, usinisahihishe kwa sauti.

Tunamuaga binti yangu Limi, anayerudi Dar es Salaam kusomea udaktari wa hesabu. Si udaktari wa sindano. Mjomba wake Boaz aliniuliza, "Sasa huyo atatibu nini?" Nikamjibu, "Atatibu maswali." Leo nina kosa la kuungama, na nawaomba msile kwanza mpaka nimalize.

Nani hapa hajui isolo, bao letu la Kisukuma? Unachota kokoto shimoni, unazigawa moja moja. Ya mwisho ikiangukia shimo lenye kokoto, unachota zote, unaendelea. Ikiangukia shimo tupu, umesimama, mwenzako anacheza. Limi aliuliza swali ambalo sisi hatukuwahi kuuliza: je, ni lazima mtu asimame? Hata mashimo yawe mengi kiasi gani? Kompyuta inajaribu michezo mingi, lakini haiwezi kuimaliza yote. Inatakiwa sababu moja inayotosha kwa michezo yote, hata ile ambayo hakuna atakayeicheza. Aliitafuta miaka mitatu. Mwezi wa pili akanipigia simu: "Mama, nimethibitisha! Ni lazima isimame!"

Mimi nikatangaza sokoni kote. Wengine mlinipa khanga, Boaz akaahidi mbuzi wa sherehe hii. Hilo si kosa lenyewe.

Kosa ni kwamba katika simu ileile, kwa furaha, nilisema, "Hongera mwanangu. Kumbe hata ule mchezo wangu na bibi yako ungesimama tu."

Limi akauliza: "Mchezo gani, mama?"

Nilikuwa nimeolewa mwezi mmoja. Kule Songwa wanawake walichimba mashimo kumi na nane kila upande, maana tulikuwa wengi na kila mmoja alitaka kushauri. Nikawa namshinda mama mkwe wangu. Mayu, usitikise kichwa, nilikuwa nakushinda! Nikagawa, nikagawa, mboga ikaungua jikoni, mimi bado nagawa. Mayu akapitisha mguu, akafuta kila kitu: "Kapike!" Sijawahi kumshinda tena, ndiyo maana nakumbuka kila hatua ya mchezo ule.

Limi akaniomba niurudie. Nikachukua maharage, tukakaa na Mama Nikhil kwenye kibaraza cha duka lake tangu asubuhi. Kila mzunguko yeye anapiga picha kwa simu. Mchana akasema, "Mama Limi, hii ya arobaini na moja ni sawa na ya kwanza." Nikamwambia, "Angalia vizuri, una usingizi." Akaangalia shimo kwa shimo. Sawasawa! Sasa, kitu kikirudi palepale kilipoanzia, na sheria ni zilezile, kitafanya nini kingine? Kitazunguka vilevile mpaka Yesu arudi.

Tukatuma picha tukicheka. Hatukujua tumebomoa miaka mitatu ya mtoto.

Limi alikuja nyumbani, akalala siku tatu amegeukia ukuta. Akasema harudi chuo. Boaz akaleta habari ya kazi ya stoo mgodini, mshahara kila mwezi na chakula juu. Nisiwadanganye, nilimwambia akubali. Ni mama gani hapa asingemwambia hivyo? Mimi naogopa hata akipanda pikipiki, sembuse kumrudisha kwenye swali ambalo huenda halina jibu.

Siku ya nne nikamkuta uani na jembe, anachimba mashimo. Nikauliza, "Unacheza na nani?" Akasema, "Na wewe. Kaa." Tukacheza mpaka mboga ikaungua, nyumba hii haiponi. Mara akashika kokoto hewani: "Mama, kwa nini huu hausimami na mingine inasimama?" Akacheka. Ndugu zangu, kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu akiwa kwa Mwalimu Theonest.

Profesa wake amesema jibu la zamani limekufa, lakini swali limekua, aje waanze upya. Na katika maandishi yao watatushukuru kwa majina, mimi na Mama Nikhil. Mimi wa darasa la nne!

Kwa hiyo mlioitwa kusherehekea jibu, jibu halipo. Anayetaka khanga yake anione. Mbuzi hawezi kurudi, ameshaiva. Kaka Boaz, wabeja sana, nakushukuru, kazi ile mpe mwenye kuihitaji.

Limi, ng'wanone, mwanangu, simama nikuone. Naogopa, na nitaendelea kuogopa. Ukikwama miaka mingine mitatu, njoo, yale mashimo ya uani sijayafukia, na sitayafukia. Bibi yako aliufuta mchezo ule kwa mguu. Mimi nilitaka kuufuta kwa woga wangu, na mimi ndiye niliyekuwa nashinda. Leo mbele ya watu hawa nautoa mguu wangu. Chota, mwanangu. Gawa.

Nawashukuru nyote mlionisikiliza mkiwa na njaa. Karibuni mezani, na Mayu Asteria, baada ya kula nakusubiri uani.