Ukurasa wa Zahanati

Kijiwe chetu kiko nyuma ya soko, Bagamoyo, ubavuni mwa cherehani ya fundi Mikdad, na wenyewe tunakiita Bungeni. Asubuhi ile zilibaki siku tisa tupige kura. Kahawa ya Mwishehe ilikuwa ya moto, na mada moja tu: vyama vitatu vikubwa, cha Taa, cha Kinu na cha Ungo, vinatofautianaje. Pazi, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, ndiye aliyekuwa hewani.

— Chama unakijua kwa bendera. Ya Ungo imeanikwa pale stendi tangu masika, haijapauka. Hao watu wa kweli. Mimi niko nao mwaka wa ishirini huu.

— Rangi ni ya kiwandani, alisema Mikdad huku akipinda suruali ya mtu. Wewe sikiliza ngoma. Wa Taa wakipiga, mke wangu anaacha wali unaungua. Mcheza kwao hutunzwa.

— Hiyo methali imeingiaje hapo?

— Imeingia tu.

Majaliwa, dereva wa bodaboda aliyejipa cheo cha Waziri, akaweka kikombe chini.

— Nyote mmepotea. Tazameni viatu. Mgombea wa Kinu kaja Fukayosi, matope mpaka magotini, kavaa raba nyeupe. Kaondoka nazo nyeupe vilevile. Mficha uchi hazai, bana.

— Sasa alikanyaga wapi?

— Labda hakanyagi.

Tulikuwa bado tunalipima hilo alipofika Bi Hajra, mkulima wa upande wa Kaole. Mumewe tulimzika mwaka jana.

— Shikamoo, bi.

— Marahaba, wanangu. Nimeambiwa wanaojua siasa wako hapa.

Redio akampisha katikati ya benchi.

— Miaka yote marehemu ndiye aliyeniambia pa kutia tiki, alisema Bi Hajra. Mara hii nataka nijue mwenyewe. Mwanangu Esha kajifungulia njiani. Zahanati kwetu mbali.

Akatoa mkobani vitabu vitatu vyembamba.

— Ilani zao hizi, nimezifuata ofisi kwa ofisi. Macho yangu hayaoni herufi ndogo. Nani kati yenu amezisoma, anieleze penye zahanati?

Redio akachungulia kikombe chake. Waziri akakumbuka kuna abiria anamsubiri, lakini hakuondoka. Mimi nilitazama sokoni.

Mwishowe Mikdad akavaa miwani ya kushonea, akasoma kwa sauti, taratibu. Wa Taa watajenga zahanati kila kijiji. Wa Kinu hawajengi, ila wataajiri wakunga na kuleta gari la wagonjwa.

— Na Ungo? aliuliza Redio.

Mikdad alifunua mbele, akarudi nyuma.

— Hamna.

— Tazama vizuri.

— Nimetazama. Kuna uwanja wa mpira.

Bi Hajra alimwomba Mikdad arudie vile viwili vya kwanza, akavisikiliza tena, macho ameyafumba.

— Jengo bila mkunga, alisema polepole, kama anajiambia mwenyewe. Au mkunga bila jengo.

Akavitia vitabu mkobani, akashukuru.

— Basi unampa nani, bi? aliuliza Waziri.

— Kura ni siri, mwanangu.

Alipoinuka, Redio alimfuata hatua mbili tatu, akasema kwa sauti ya chini, ila tulimsikia.

— Bi, hicho cha Ungo, niazime.

— Ofisini kwao vimejaa tele, alisema Bi Hajra. Wanagawa bure.