Kamera Iliyokuwa Bado Inajadiliwa

Wasikilizaji wapendwa, popote redio yenu ilipo, jikoni, dukani au ndani ya gari, naomba muiongeze sauti kidogo. Leo tunamkumbuka mpigapicha. Wengi wenu hamkuwahi kumsikia akizungumza, lakini picha zake mmezikata gazetini na kuzibandika ukutani. Alikuwa mpigapicha wa gazeti na amefariki akiwa kazini. Nawaambia mapema pia kwamba nina hasira. Anayependa kumbukumbu za kupoza moyo, leo nitamkwaza.

Gazeti alilolifanyia kazi liko juu ya studio hii, katika jengo hili hili. Mwenye gazeti ndiye mwenye redio. Ngazi zetu ni moja na chumba cha chai ni kimoja. Kwa hiyo nitakayoyasema sikuyaokota barabarani. Mkurugenzi wetu anajua ninalotaka kulisema, maana nilimwambia asubuhi mlangoni kwake. Hakunijibu kitu. Nimeuchukua ukimya wake kama ruhusa.

Tulimwita Sogea. Ukitaka kujua kwa nini, muulize yeyote aliyewahi kupigwa picha ya kundi na yeye. Sogea kushoto. Mzee wa shati jeupe, sogea kidogo. Mama, sogea, unamziba bwana harusi. Dada yake mkubwa, fundi cherehani aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki, anasema ugonjwa huo ulianza zamani. Siku ya harusi yake mwenyewe, Sogea alimwacha bibi harusi amesimama, akaenda kumpanga upya mpigapicha aliyelipwa kuwapiga picha. "Nilimvuta koti," dada yake aliniambia. "Nikamwambia, mdogo wangu, leo wewe ndiye wa kupigwa. Rudi kwa mkeo."

Alirudi. Lakini mpigapicha yule alibaki pale pale alipopangwa, na picha za harusi ile zilitoka nzuri kuliko zote alizowahi kupiga.

Sogea alikuwa na kamera ya kidijitali ya kazini, nyeusi, iliyochubuka pembeni, na lenzi mbili. Lenzi fupi ya kupigia watu walio karibu. Lenzi ndefu ya kuwavuta karibu walio mbali. Kumbukeni hapo, wasikilizaji wapendwa, fupi na ndefu, kwa sababu maisha yake yalikatikia hapo.

Ile ndefu aliipenda. Aliniambia siku moja, tukiwa tunasubiri maji ya chai yachemke, kwamba lenzi ndefu ni adabu. Mtu anayelia humsogelei usoni. Unasimama mbali, unamwachia nafasi yake, na picha unaipata. Ile picha ya muuguzi aliyelala kwenye benchi la hospitali, viatu mkononi, aliipiga akiwa mwisho wa korido. Muuguzi hakuamka. Sogea alikaa akamsubiri aamke, akamwonyesha picha, akamuuliza kama anaridhia itoke gazetini. Alipokubali ndipo ikatoka.

Sasa kamera ikavunjika. Ilikuwa uwanjani, kwenye mechi. Mpira ulitoka nje kama jiwe, ukaipiga ile lenzi ndefu kwa ubavu. Yeye mwenyewe alilifanya jambo la kucheka, akasema ameokoa bao na timu haijamshukuru. Lenzi haikupasuka. Kilichopinda ni pale lenzi inaposhikia kwenye kamera, ule mduara wa chuma. Lenzi fupi, kwa kuwa ni nyepesi, ilikaa ukiishikilia kwa mkono. Lenzi ndefu ilikataa kabisa. Ukiiweka, inalegea, na kamera inazima.

Aliipeleka kwa fundi wa kamera mjini. Fundi akasema inatengenezeka, kifaa kinaagizwa, lakini mali ni ya kampuni, kwa hiyo kampuni iseme ndiyo. Sogea akarudi ofisini kuomba hiyo ndiyo.

Hapa ndipo hasira yangu inapoanza.

Mhariri wa picha alisema itengenezwe. Meneja wa fedha akasema kutengeneza kitu kilichochakaa ni kumwaga maji mchangani, bora inunuliwe nyingine ya aina hiyo hiyo. Mkurugenzi akasema kwa nini tununue ya jana wakati dunia imehamia kwenye kamera mpya zinazopiga na video, tuhame sote kwa pamoja, tena kwa mpango mzuri. Wakakaa kikao. Ukisikiliza kila mmoja peke yake, hakuna aliyesema upumbavu. Mhariri alikuwa na hoja. Meneja alikuwa na hoja. Mkurugenzi alikuwa na hoja. Kikao kikaisha kwa kukubaliana kwamba litajadiliwa zaidi.

Likajadiliwa zaidi. Mvua zikaja, likajadiliwa. Mvua zikakatika, likajadiliwa. Mhariri hakutaka kuagiza kifaa kwa sababu huenda kamera mpya ingekuja. Meneja hakutaka kununua kwa sababu huenda mkurugenzi angehamisha mfumo mzima. Mkurugenzi hakutaka kuhamisha mfumo kwa sababu, alivyosikia yeye, ile ya zamani bado inafanya kazi.

Bado inafanya kazi. Ndiyo, wasikilizaji wapendwa, ilikuwa inafanya kazi. Ilifanya kazi kwa sababu mtu mzima aliishikilia lenzi kwa mkono wa kushoto isidondoke, na kile ambacho kamera haikuweza kukifikia, miguu yake ilikifikia. Kila kitu alichokuwa akikipiga kutoka mbali, sasa alilazimika kukifuata karibu.

Alikwenda kwenye maziko ya watoto waliozama mtoni. Na lenzi fupi. Akalazimika kusimama karibu kabisa na mama yao. Mama yule akageuka akamwangalia, akamuuliza taratibu kama yeye hana watoto. Sogea alirudi ofisini hakuandika maelezo ya picha yoyote. Alikaa kwenye chumba cha chai, kikombe kikapoa mbele yake. Aliniambia, "Kaka, nimekuwa mtu wa hovyo."

Mtu wa hovyo. Mtu aliyemsubiri muuguzi aamke.

Nyumbani, mke wake alimsukuma anunue yake mwenyewe, hata iliyotumika. Walizozana. Shemeji yangu ni mwalimu wa watoto wadogo na hana maneno ya kuzungusha. Alimwambia anaharibiwa jina lake kwa kitu cha watu wengine. Yeye akamjibu kwamba ofisini wamesema subiri kidogo, jambo liko mbioni. Akinunua leo, kesho wakileta mpya, ataonekana hana akili. Akamwahidi kwamba wakimkatalia waziwazi atanunua siku hiyo hiyo.

Hawakumkatalia waziwazi. Wala hawakukubali. Walimwambia subiri.

Halafu likaungua ghala la magodoro. Mnakumbuka moshi ule, mchana jua likaonekana jekundu. Askari wa zimamoto walifunga barabara kwa utepe, wakawasogeza watu mbali. Wapigapicha wengine walisimama nyuma ya utepe, wakavuta moto kwa lenzi zao ndefu, wakarudi makazini kwao. Sogea alijaribu kutoka pale pale. Mwenzake wa gazeti jingine ameniambia alimwona akiangalia kioo cha kamera, akitikisa kichwa. Moto ulionekana kama kijiti cha kiberiti.

Akapita utepe. Askari mmoja alimwita arudi. Sogea akainua mkono kuashiria kwamba anapiga moja tu. Alikuwa amesimama kando ya ukuta wa ghala, mkono wa kushoto umeishikilia lenzi, ukuta ulipobomoka na kumwangukia. Askari wale wale wakamtoa kwa mikono yao. Alifariki hospitalini jioni hiyo, mke wake akiwa amemshika mguu, kwa kuwa ndio pekee ambao haukuwa na jeraha.

Siku iliyofuata, tangazo lilibandikwa chini kwenye ngazi zetu. Lilisema kampuni imepoteza mfanyakazi hodari. Lilisema pia, kwa masikitiko, kwamba marehemu hakuzingatia taratibu za usalama katika eneo la tukio. Nilisimama nikalisoma, nikalirudia. Ni kweli alipita utepe. Sitamtetea kwa uongo. Lakini nauliza, nani alimfupishia macho? Nani alimwambia mtu leta picha kama za wenzako, akamnyima kinachowafanya wenzake wasimame mbali? Hilo tangazo halikulisema. Nililibandua. Lipo hapa mezani kwangu limekunjwa, na anayelitaka aje alichukue.

Msibani, mkurugenzi alifika. Simlaumu kwa kufika, alikuja na uso wa huzuni, na naamini huzuni ilikuwa yake kweli. Alileta ile kamera, iliyotolewa kwenye kifusi, ndani ya mfuko safi. Akamwambia shemeji kwamba kampuni imeona familia ibaki nayo kama kumbukumbu.

Shemeji aliufungua mfuko. Akaigeuza kamera, akaangalia ule mduara wa chuma uliopinda. Sebule ilikuwa imejaa watu.

Akauliza, "Mliamua nini?"

Mkurugenzi hakuelewa.

"Kuitengeneza, kununua nyingine, au hizo mpya. Mliamua nini?"

Mkurugenzi akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kwa kweli jambo lilikuwa bado linajadiliwa.

Shemeji akairudisha kamera kwenye mfuko, akampa mkononi. "Rudi nayo," akamwambia. "Anayefanya kazi ya mume wangu leo ana nini mkononi?"

Mkurugenzi akaupokea mfuko, akaaga. Swali lile nikalibeba mimi, kwa hiyo leo, kabla ya kuingia studio, nilipanda ngazi kwenda kuuliza. Nafasi ya Sogea ameishika binti mmoja, mpole, anayependa kazi. Nikamuuliza anapigia picha nini. Akaniambia anatumia simu yake, kwa sasa. Nikamuuliza kwa sasa ni mpaka lini. Akasema ameambiwa asubiri.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba yangu na ya wenzangu wa studio hii, natoa pole kwa mke wa marehemu. Pole shemeji. Pole kwa dada yake, aliyemlea kama mwanawe na sasa amemzika. Pole kwa watoto wake, ambao wana picha zao za kila siku ya kuzaliwa ila baba yao hayumo hata katika moja, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa nyuma ya kamera. Mungu ampumzishe.

Na wewe unayenisikiliza, mwenye watu chini yako, tafakari jambo moja. Yuko mtu aliyekuletea kitu kibovu akakuomba neno. Inaweza kuwa ngazi, breki, glavu, au taa ya korido. Umemwambia mtaona. Yeye amerudi kazini, anakishikilia kwa mkono kisidondoke. Ukitaka kumwambia ndiyo, mwambie leo. Ukitaka kumwambia hapana, mwambie hapana, ajue pa kwenda.

Binti wa ghorofani ametumwa mchana huu kwenye jengo jipya lililopasuka nguzo. Nilimkuta akivaa viatu. Nimemwambia asipite utepe, hata picha isipotoka.