Phyllis Gakii, Jirani wa Kwanza wa Altza

Habari za mtaa wa Altza zilizomo katika historia hii alizisimulia kwanza Mama Kontxesi Arregi, jirani yake marehemu kule Hispania, jikoni kwake, majira ya baridi ya mwaka 1983, akimsimulia marehemu aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kuelewa Kihispania, na marehemu naye akatusimulia sisi wa familia mara nyingi, nasi tunazisoma kama tulivyozipokea.

Dada yetu Phyllis Gakii alizaliwa tarehe 14 Agosti 1955, Nkubu, Meru, mtoto wa tatu wa Mzee M'Ikiara na Mama Karambu, akasoma shule ya msingi hapohapo Nkubu, akamaliza kidato cha nne mwaka 1973, na mwaka 1976 akaajiriwa kuwa mpishi katika kantini ya bandari ya Mombasa, ambako alikutana na Kipchirchir, fundi wa mitambo ya meli, mtu ambaye hakuweza kula chakula kizuri bila kukisifu kwa sauti ya kusikika hadi meza ya mwisho. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979, hukohuko Mombasa, wakajaliwa watoto wawili, Philip, aliyezaliwa mwaka 1980, na Maite Kendi, aliyezaliwa ughaibuni mwaka 1984, akapewa jina la kwanza la kule na la pili la kwetu.

Mwaka 1981 Kipchirchir alipata kazi ya kutengeneza meli katika bandari ya Pasaia, kaskazini mwa Hispania, katika nchi ya Wabaski, na mwaka uliofuata marehemu akamfuata na mtoto, wakapanga nyumba ghorofa ya tatu, sehemu iitwayo Larratxo, katika mtaa wa Altza, ulio mlimani juu ya bandari, pembezoni mwa jiji la San Sebastián.

Altza zamani haikuwa mtaa, ilikuwa mji wenye baraza lake, mashamba ya matofaa na nyumba kubwa za wakulima, hadi mwaka 1940 ilipounganishwa na jiji, kisha viwanda na bandari vikavuta watu kutoka pande zote za Hispania, magorofa yakaoteshwa kwenye miteremko kabla ya barabara na shule, na watu wakawa wanakwenda kazini na jozi mbili za viatu, za tope na za mjini. Mama Kontxesi alizaliwa katika mojawapo ya nyumba hizo za wakulima, ikabomolewa, naye akapewa ghorofa ya tatu mlango wa kutazamana na wa marehemu, karibu kabisa na mahali palipokuwa na zizi la baba yake, na alipenda kusema kwamba yeye hakuhama, ila ng'ombe ndio waliohama. Ni wakazi wenyewe, wenyeji na waliokuja, waliokutana vyumba vya chini vya magorofa wakidai shule, taa na ngazi za saruji, wakapata kimoja kimoja, na hata baada ya kupata waliendelea kusema wanakwenda San Sebastián kila walipoteremka mjini, kana kwamba ni safari ya nchi nyingine. Wale wa chini wana ufuo, alisema Mama Kontxesi, sisi tuna magoti.

Marehemu alifanya kazi ya upishi katika jiko la shule ya mtaa huo kuanzia mwaka 1986 hadi 2008, lakini wiki yake ya kwanza Larratxo alinunua samaki mkavu wa chumvi, akampika bila kumloweka, na harufu ilipovuka ukumbi Mama Kontxesi akagonga mlango, akaonja, akamwuliza kama amekusudia kupika samaki au bahari nzima, na urafiki wao ukaanzia hapo.

Tarehe 3 Novemba 1998 Kipchirchir alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo. Kwa desturi ya zamani ya Wabaski, nyumba iliyo karibu nawe kuliko zote ndiyo jirani yako wa kwanza, na ukifiwa, huyo ndiye anayepeleka habari, anayeomba kengele ya kanisa igongwe, anayebeba msalaba na kutembea mbele ya jeneza, hata mbele ya ndugu, na Mama Kontxesi aliishika desturi hiyo ndani ya gorofa kama alivyoishika shambani. Basi kaka yake Kipchirchir, aliyekuwa amefika kutoka Eldoret na kofia yake kichwani, alipomwona mama mgeni anaamuru watu na kushika msalaba mbele ya wote, aliuliza kwa Kiswahili, kwa sauti, huyu mama ni nani, au ndugu yangu alikuwa na nyumba ndogo, tena iliyomzidi umri, akamnyang'anya ule msalaba. Mama Kontxesi hakuelewa maneno lakini alielewa mkono, akaingia kwake akafunga mlango. Marehemu akakaa kwenye ngazi, akasema jeneza la mume wake halishuki bila jirani, shemeji ampishe jirani huyo au amruke yeye mwenyewe pale alipokaa, kisha akaenda kugonga, na Mama Kontxesi akauliza kutoka ndani kama yule mwenye kofia bado yupo. Alitoka, akarudishiwa msalaba, akatembea mbele hadi kanisa la San Marcial na hadi makaburini, na pale kaburini marehemu akaahidi mbele ya watu wote kwamba siku ya Mama Kontxesi ikifika, yeye ndiye atakayetangulia.

Tarehe 20 Aprili 2008 marehemu alikuja Toronto kumsaidia Maite Kendi, muuguzi, kulea mtoto wake wa kwanza, akikusudia kukaa miaka miwili tu, lakini wajukuu wakaongezeka, akapata kazi jikoni katika nyumba ya wazee, akaishi Thorncliffe Park ghorofa ya kumi na moja, na mwaka 2016 figo zake zikashindwa, akawa wa mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, na safari ya kurudi Altza ikafungwa. Hakulalamika, ila sote tulijua moyo wake uko wapi, kwa sababu lifti ilipoharibika majirani walinung'unika, naye alipanda ngazi polepole akitabasamu. Kila Jumapili alimpigia simu Mama Kontxesi, ambaye hata kabla ya salamu alijibu, bado sijafa, lea wajukuu wako, na marehemu alicheka.

Alifariki Jumapili tarehe 9 Machi 2025, hospitalini, watoto wake wakiwa kando yake. Jirani wa mlango wa kutazamana, Mama Zebunissa, mzaliwa wa Mwanza, aliyekuwa amekwisha kuombwa na marehemu mwenyewe, ndiye aliyepeleka habari mlango kwa mlango, na kamati yetu ya mazishi ilipouliza kama inafaa mama Mwislamu, wa jamatkhana ya Waismailia, atangulie jeneza kanisani, alijibu kwamba ameombwa kutembea, hakuombwa kuhubiri, na asubuhi hii mmemwona.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani wa ghorofa ya kumi na moja, wafanyakazi wenzake wa jikoni, na waumini waliotoka Brampton kwenye theluji. Tunamshukuru Mama Kontxesi, ambaye alipopata habari alishuka kwa mkongojo wake hadi San Marcial, akaomba kengele igongwe kwa ajili ya mtu wa Altza aliyefia mbali. Ahadi ya pale kaburini, ambayo marehemu hakuwahi kuitimiza, ameipokea Maite Kendi, kwa hiari yake.

Dada yetu Gakii, Mungu akupokee, upumzike kwa amani.

Kati ya waliotajwa, Kipchirchir na kaka yake hawapo tena. Philip na Maite Kendi wako hapa, na Mama Zebunissa yuko hapa. Mama Kontxesi yu hai, ana miaka tisini na mitatu, anaishi Larratxo ghorofa ileile, na nyumba inayotazamana na mlango wake kwa sasa haina mtu.