Kipande cha Mkate Kutoka Mgodini

Alfajiri, gizani, nilisikia mume wangu akifunga kopo lake la chakula kabla ya kwenda mgodini. Baadaye, nikiwa na mwanangu kwenye basi la kwenda Lens, mji wa migodi ya makaa huko Ufaransa, bibi wawili walimjadili Wattrelin, msomi wa televisheni ambaye shule ya mwanangu huyo itapewa jina lake.

“Eti mtoto wa mchimba makaa! Jana kaulizwa mkate wa mgodini, akakodoa macho. Baba yangu alitubakizia kipande kila siku. Kilijaa vumbi la makaa, nasi tukakigombania kama keki.”

“Labda baba yake alikuwa na njaa, mwenzangu.”

“Nani hakuwa na njaa kule chini? Huyo katudanganya.”

Mwenzake akatazama dirishani. Basi likasimama. Mwanangu akasema kwa sauti, “Baba hunibakizia mkate.”