Anayefungua Soga Anaanzia Wapi?

Kijiwe chetu cha Mwembesongo kina benchi moja, birika moja na wajuaji kibao. Leo hata kashata hazikuguswa. Asubuhi, msichana wa kidato cha pili kutoka Mlali alikutwa stendi ya Msamvu na begi la nguo, akimsubiri mwanamume ambaye hajawahi kumwona. Walijuana ndani ya Soga, programu ya kuchati aliyoitengeneza Evance, tunayemwita Injinia, akiwa amekaa hapa hapa benchini. Ni programu huria: unaichukua bure, na kama unajua, unaifungua ndani na kuirekebisha. Tatizo ni kwamba ukiiwasha mara ya kwanza haikuulizi kitu. Inakutupa kwenye mtandao mkubwa uitwao Uwanja, wenye watu wa kila aina na usio na mlinzi. Jioni hii Injinia anatoa toleo jipya. Laptopu iko magotini, jasho linamtoka, na mimi nimekuja na hasira zangu tangu nyumbani.

— Toa Uwanja leo leo, mdogo wangu, alisema Zawadi, fundi cherehani, ambaye hapa anaitwa Wakili kwa ubishi. — Mtu aanzie kwenye ule mtandao mdogo wa walimu. Kule kuna watu wanaangalia nani anaingia.

— Kule kumepoa, dada. Mtu akifungua akakuta kimya, anaifuta.

— Aifute!

— Nimeihangaikia hii programu miaka!

— Na yule mtoto je?

Halidi akakohoa. Anauza matairi, lakini tunamwita Profesa.

— Nyie hamjui kitu. Yule si mwanamume. Ni kompyuta, imefundishwa kutongoza.

— Kompyuta ingempokea Msamvu kwa miguu gani? nilimuuliza.

— Inatuma watu! Tena simu ikizimwa ndiyo inasikiliza vizuri. Mimi yangu usiku naifunika na sufuria.

— Ndiyo maana mkeo analalamika chai inachelewa, alisema Zawadi.

— Cheka tu. Ile minara ya Uluguru unadhani ni ya simu? Inasoma ndoto!



— Profesa, hebu nyamaza bwana! nilimfokea. — Injinia, kwani kuna ugumu gani mtu aulizwe kwanza anataka kuingia wapi?

— Watu hawasomi, kaka. Anabonyeza cha kwanza tu.

— Basi cha kwanza kiwe kilicho salama!

— Mbona mnaniandama mimi? Sehemu ya kubadilisha ipo. Anayetaka anaingia anabadilisha mwenyewe.

— Mtoto wa miaka kumi na tano?

— Mzazi wake, basi.

Nilitamani kummwagia kahawa. Zawadi alinishika mkono, maana mama mmoja alikuwa amesimama mbele yetu, kitenge kimemlegea, viatu vimejaa tope, simu ya kioo kilichopasuka mkononi.

— Shikamoo mama, alisema Injinia.

— Marahaba. Mimi Martina, mama yake Rahel. Yule wa Msamvu.

Tuliinuka wote.

— Pole sana mama, alisema Zawadi. — Yuko wapi mtoto?

— Kwa shangazi yake. Haongei.

Injinia alifunga laptopu, akaifungua tena.

— Mama, nisamehe. Ndiyo tunajadiliana hapa cha kufanya.

Mama Rahel hakupiga kelele. Heri angepiga.

— Na nyinyi mna watoto? aliuliza.

— Mimi ninao wawili, alisema Halidi. — Wakili hapa anaye mmoja. Injinia ana wadogo zake.

— Na hii Soga wanayo?

— Wanayo wote! Wao ndio walioanza kuitumia hapa mjini.

Alisema kwa kujisifu, masikini, hakuona alikokuwa anakwenda. Mama Rahel alimtazama, akamtazama Zawadi, akamtazama Injinia.

— Mbona wa kwenu huyo mtu hakuwapata?

Halidi aliyekuwa na majibu ya minara na ndoto akainamisha kichwa. Zawadi akajiziba mdomo. Simu za watoto wao zililetwa hapa benchini siku ile ile Soga ilipotoka, na Injinia akaondoa Uwanja kwa mkono wake, moja baada ya nyingine, kwa sababu ni watoto wa kwetu.

Mama Rahel aliendelea kusimama, akisubiri ajibiwe.