Wapangaji Niliowaita Ndugu

Mimi sikuwa mtu wa kushangazwa na jambo, ndugu zangu. Nimelinda mizinga ya nyuki porini simba akipita chini ya mti. Nimesoma darasa la pili tu, na makarani walikuwa wanakuja kuniazima hela. Nilijiona nimeshaona yote. Sasa nisikilizeni, maana chama hiki cha ushirika ndicho kilinikopesha bati, na mna haki ya kujua kwa nini nilichelewa kulipa.

Nyumba yangu ya Nsemulwa, hapa Mpanda, niliijenga kwa nta na asali, miaka saba ya kukwea miti. Tofali nilifyatua na mke wangu, mbichi, za udongo. Vyumba sita. Mtaa mzima ulikuwa wa nyasi, bati lilikuwa langu peke yangu, mtu akitoka stesheni analiona. Kimoja tukakaa sisi, vitano nikapangisha, shilingi ishirini kwa mwezi.

Ndipo redio ikatangaza kwamba serikali imechukua majumba ya kupangisha. Mpanda haikutajwa. Ila kilabuni jamaa mmoja akaniambia wenye nyumba sasa tunaitwa wanyonyaji, na zamu yetu inakuja. Tangu siku ile sikukaa kitako. Nakula nimesimama. Naenda barabarani kuangalia kama kuna Landrova ya serikali, narudi, nahesabu mabati, natoka tena. Mke wangu akaniuliza kama nina siafu kwenye suruali.

Nikapata akili, ya kwangu mwenyewe, sikufundishwa na mtu. Nikawaita wapangaji nikawaambia kuanzia leo hapa hakuna mpangaji, hapa ni ukoo. Karani wa tumbaku nikamfanya mpwa wangu. Mama muuza dagaa, aliyetoka Ikola, akawa shemeji. Dresa wa hospitali na kijana wa reli wakawa binamu. Fundi cherehani, Mfipa mpole mwenye mke na watoto watatu, nikamfanya mdogo wangu wa tumbo moja. Nikaenda kwa balozi wa nyumba kumi, akawaandika wote kwenye daftari lake.

Mwisho wa mwezi nikaenda kwa karani kuchukua kodi. Alikuwa ananyoa ndevu, hata macho hakuyatoa kwenye kioo.

"Mjomba," akasema, "tangu lini mpwa akalipa kulala kwa mjomba wake?"

Nikaenda kwa mama wa dagaa. Huyo ndiye alinimaliza.

"Dai polepole, shemeji. Balozi anapita hapo nje."

Wapangaji waliosikia wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa nje. Ningemshtaki nani, na kwa balozi yupi? Miezi kumi na moja wale wanne hawakutoa hata senti. Nyie mkaniandikia barua tatu za kudai mkopo, mimi nikawa nakimbilia porini kwenye mizinga. Fundi peke yake alilipa kila mwezi, hela ameikunja ndani ya kipande cha kitambaa. Akaniambia, "Kaka, undugu wetu ni wa daftari. Bati ni la mkopo."

Kisha fundi akashikwa na homa. Siku tatu, akafa.

Balozi akafungua daftari, mfiwa mkuu nikawa mimi. Nikanunua mbao za jeneza, sanda, unga, maharage, mbuzi wawili. Watu walioacha vitambaa kushonewa wakaja kunidai mimi, kaka wa marehemu. Kwao Ufipa habari ilikuwa haijafika. Mjane alijua ukweli ila alinyamaza, aliogopa kupoteza chumba.

Siku ya kumaliza matanga balozi akasema mbele ya watu wote kwamba mdogo wangu hakuacha ndugu mwingine mzima hapa, kwa hiyo cherehani niichukue mimi. Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa nimeshaipigia hesabu. Ingemaliza deni lote la bati. Ila asubuhi mke wangu alikuwa ameniambia, "Hiyo mashine ikiingia ndani, mimi natoka." Nikamtazama mjane. Alikuwa anaangalia mikono yake. Miguu yangu haikutulia, nikajikuta nimesimama.

"Marehemu siyo ndugu yangu," nikasema. "Ni mpangaji wangu, na ndiye pekee aliyenilipa. Mashine ni ya mke wake."

Nikayasema na mengine yote, nikangoja kukamatwa. Balozi akanitazama sana.

"Yaliyochukuliwa ni majumba ya pesa nyingi," akasema. "Hilo lako la tofali mbichi nani alikuambia linatakiwa?"

Nikakaa chini. Kwa kumdanganya alinipa wiki mbili za kulima shamba la ujamaa, nikalima, na nililima kuliko wote.

Karani na wale binamu wawili wakaanza kulipa. Mama wa dagaa alirudi Ikola, ananiita shemeji mpaka leo. Ya nyuma sikudai, nilijitakia. Nyie mngeweza kuja kung'oa bati, mkaniongezea mwaka, asanteni. Namshukuru mke wangu. Namshukuru mjane, sasa anashona mwenyewe wala halali na deni. Nyumba imefika vyumba kumi, nendeni mkaione.

Ninachowaachia ni hiki: habari ya serikali kaulizeni ofisini, siyo kilabuni. Na usimwite mtu ndugu ili akufiche, maana siku ya kufa atakuwa ndugu kweli. Kodi iliyopotea mia nane themanini, mazishi mia mbili kumi na nne, kulipia vitambaa vya watu, arobaini na sita, na sindano mpya ya cherehani niliyomnunulia mjane senti hamsini: jumla shilingi elfu moja mia moja arobaini na senti hamsini.