Nani Atakunywa Baada Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Naona wengine mmeitika na wengine mmetazama chini. Hata mliotazama chini, Bwana asifiwe.

Mimi ni Raheli, mjane wa Stefano. Nimezaliwa Rabai, nimebatizwa Rabai, na katika kanisa hili la Changamwe nimefagia, nimepanga maua, nimeimba mpaka sauti ikanikauka. Mnanijua. Nimesimama kushuhudia jinsi Bwana alivyoniokoa na kifua kikuu, na njia aliyonipitisha sitaificha, maana sehemu ya njia hiyo ilipita humu ndani.

Stefano alikuwa mchukuzi bandarini. Alibeba magunia ya saruji miaka na miaka, na kazi ile ilikuwa na neema moja. Langoni pa kampuni palikuwa na chumba cha dawa, na mwenye kibati cha kazi alitibiwa bure, yeye na mkewe. Kibati chenyewe ni kiduara cha shaba chenye namba. Ukikionyesha, dresa, yule msaidizi wa daktari, anakuita. Basi Stefano akaanza kukohoa. Msimamizi alipomwona ametema damu, akamvua kibati siku ile ile, kwamba mgonjwa hafai kukaa na wenzake. Tukaenda chumba cha dawa. Dresa, mtu aliyemjua Stefano kwa jina, akamwambia, "Bila kibati, wewe si mgonjwa wetu."

Mnalielewa hilo? Ugonjwa uliomtoa kazini ndio uliomtoa kwenye dawa. Angekuwa mzima, angetibiwa. Hospitali ya kisiwani wakatupa chupa ya dawa ya kikohozi, wakatuambia turudi kitanda kikipatikana. Hakikupatikana.

Nikajipa moyo kwamba kanisa tunalo. Hapo akaja kwetu mzee mmoja wa kanisa. Yumo humu, sitamtaja, mwenyewe anajijua. Alisimama uani, hakuingia. "Mama," akaniambia, "watu wana hofu. Siku ya Meza ya Bwana nyinyi mje mwisho, wote wakishakunywa."

"Haya, baba," nikamjibu.

Tukaja mwisho. Tukapiga magoti wawili peke yetu kwenye mkeka mrefu, tukanywa. Desturi mnaijua: divai inayobaki kikombeni kasisi huinywa mwenyewe, haimwagwi. Kasisi wa wakati ule, si huyu tuliye naye, alitoka na kikombe kwa mlango wa nyuma, akaimwaga mchangani. Stefano alimwona. Divai iliyobarikiwa, ndugu zangu, ilimwagwa chini kwa ajili ya mdomo wa mume wangu.

Hakurudi tena mezani. Wala hakulisema neno hilo; yeye alikuwa mpole, mwenye ulimi ni mimi. Alikufa kabla ya masika. Mlikuja kumzika, mkaimba vizuri sana. Mlisimama mbali na jeneza, lakini mliimba vizuri.

Haukupita muda nikaanza mimi. Kikohozi, jasho, nguo zikanipwaya. Mwenye nyumba akanitoa, nikahamia kibanda cha makuti huko Miritini. Nikajilaza nimngoje Mungu anichukue, na sitawadanganya, nilikuwa nimemkasirikia. Nilimwambia: kama kwako mimi ni wa mwisho, basi niache huku huku mwisho.

Aliyenitoa pale ni muuza maji. Aliniwekea debe mlangoni, akanisikia nikikohoa, akasema, "Mama, wewe wafa bure. Kuna Bi Zuwena kule Changamwe, ametoa chumba cha mbele cha nyumba yake. Nesi mmoja mzee atibu humo watu wasio na mwajiri, na daktari Mhindi huja akitoka kazini kwake."

Nikaenda, nikipumzika kila penye kivuli. Nilipofika nikasimama uani, maana nilishafundishwa mahali pangu. Bi Zuwena akatoka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona wasimama juani? Pita ndani."

Nikamwambia nina kifua, kimemuua mume wangu, na kibati sina. Akanitazama. "Kibati cha nini?" akauliza.

Pale hukupewa dawa ukaondoka nayo. Kila asubuhi ulikaa kwenye benchi, ukanywa uji kwanza, kisha ukameza vidonge nesi akikutazama, ukachomwa sindano. Nesi akanifunga kitambaa mdomoni, akaniambia ugonjwa huu husafiri kwa kikohozi, na nisiache dawa hata nikijiona mzima. Mimi nilikuja na kikombe changu cha bati kwenye kikapu, nilitembea nacho nisiwatie watu hofu. Bi Zuwena akakichukua, akakitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka pamoja na vya wengine, na chake kikiwemo. Nikaona haya, nikaanza kumkataza. Akanikata kauli: "Hapa twachemsha vikombe, mwanangu. Hatuchemshi watu."

Nililia hata uji ukapoa. Mungu wangu niliyemtafuta humu alinipa kikombe katika nyumba ya Mwislamu, na mkifikiri nasema hivyo kuwaudhi, hamjakosea sana.

Lakini lililonichoma zaidi nililijua baadaye, kwenye benchi lile. Chumba kile kilikuwa wazi Stefano akiwa hai. Kipo mitaa hii hii yetu. Baadhi yenu mlipeleka watoto wenu pale. Hamkutuambia, kwa kuwa kutuambia kungetaka mtusogelee.

Nilimeza dawa muda mrefu, sikukosa. Makohozi yangu yakapelekwa kupimwa, majibu yakarudi, yakapelekwa tena, mpaka daktari akaniambia mimi ni safi. Watu walipokuwa wakishangilia bendera mpya ya uhuru, mimi nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu, nikishangilia pumzi. Bwana ameniokoa na mauti. Nilikuwa nimekwisha, naye akaniinua. Namshukuru yeye, namshukuru Bi Zuwena na nesi, na yule muuza maji ambaye hata jina lake sikuliuliza.

Mtauliza kama nimewasamehe. Najaribu. Kuna siku nafika, kuna siku narudi nyuma.

Leo ni Meza ya Bwana. Nimezungumza na kasisi wetu, amekubali nianze mimi. Nitapiga magoti pale mwanzo wa mkeka, nitakunywa, na kikombe kitakachoendelea ni kile kile. Tumesema miaka yote tunamtumaini Bwana. Basi aliye na tumaini hilo na aje. Na wewe baba uliyesimama uani petu, mahali pa pili, kando yangu, ni pako. Stefano angetaka nikuachie.